Ankadrema ya Batoto ba Lweba

Ilikuwa neno moja tu, na mimi njo nililisoma mubaya. Nasema vile mbele ya yote, juu hapa Lweba bantu banapenda kusema ilikuwa kosa ya Félicité. Hapana. Félicité hakukuwa pale. Alikuwa kwao Makobola, amekwenda kuzaa mutoto wake wa kwanza. Barua ilipofika, bamama baliniambia, juu mimi njo nyanya yabo bote: "Koko Immaculée, we ulisoma miaka tatu kwa bapadri, tusomee." Nikasoma. Nikaweka mukono. Ilikuwa mwaka wa 1975, na hasira ile iko ndani yangu mupaka leo, nusu juu yao, nusu juu yangu.

Barua ilikuwa juu ya fwaye yetu. Inapashwa nieleze kwanza ile fwaye ilikuwa kitu gani.

Tulipotoka porini kisha ya vita, tulitoka na batoto ba miaka sita, ba miaka saba, bamezaliwa kule chini ya miti. Ukigonga sufuria, banaanguka chini na kulala kifudifudi. Kamio, ile lori kubwa, ikipita kwa barabara ya Baraka, huoni hata mutoto mumoja. Mutoto wa miaka saba hajui kucheza. Anajua kunyamaza. Félicité alikuwa amesoma kushona na kupima batoto kwa masista ba Uvira, na Kristu alimupa mudomo mukubwa. Alisema: "Bamama, hii batoto inapashwa bafundishwe kupiga kelele."

Njo tukajenga fwaye, nyumba ya bamama na batoto kukutana. Banaume balikata miti, bakakandika udongo. Kila nyumba ya Lweba ilileta mafungu kumi ya nyasi ya kuezeka. Tuliyafunga kila moja kwa kamba yake, na kila mama alijua yake iko wapi kwa paa. Mbele ya mulango tulisafisha kiwanja. Batoto balicheza mupira ya majani ya mugomba, babinti bakaruka kamba, bazee bakachimba vishimo vya kuchezea mbegu kule kwa kivuli. Ndani, Félicité alipima batoto badogo na kufundisha sindano. Bibi mwenye kupigwa na bwana yake alilala pale mupaka bandugu zake bakuye kusikia maneno. Nyiransabimana, mama wa kule juu kwa milima, aliyekuwa anashuka kila juma na maharagi na siagi ya kubadilisha na ndakala, samaki badogo ba ziwa, naye alilala pale. Alifundisha babinti betu kusuka bitunga, na babinti betu bakajaribu kumufundisha kuogelea. Ile haikuwezekana. Alikuwa anaogopa ziwa sawa paka.

Banaume ba Babembe biko na lubunga yabo, kile kibanda banakaa, banakula, banakata maneno ya ukoo. Mwanamuke anapeleka sahani na kurudi. Basi balituchekelea, bakaita fwaye yetu "lubunga ya bamama". Mama Raphaël akabajibu: "Ndiyo. Ya kwenu hatuingie. Ya kwetu munaweza kuingia, lakini mufagie kwanza."

Miaka ine ilikuwa vile. Kisha tukajidanganya. Tukaandika barua kwa biro ya Baraka, kuomba mipira mbili ya ngozi na mashini moja ya kushona. Hatukuomba kitu ingine. Miezi saba ikapita, jibu ikafika, karatasi moja ya Kifaransa na muhuri mbili.

Nilivaa miwani ya marehemu bwana yangu. Nikasoma polepole, na kidole. Mipira haikukuwa ndani. Mashini haikukuwa. Lakini kulikuwa neno kubwa, limeandikwa mara tatu: encadrement. Encadrement ya vijana ba fwaye ya Lweba. Na chini yake, babinti kumi na mbili kwa mwanzo, bamama baandike majina, baweke mukono kwamba banakubali.

"Ankadrema ni nini?" Mama Raphaël akauliza.

Mimi nilijua. Kwa bapadri, ile mbao inazunguka picha ya Bikira Maria ilikuwa inaitwa kadre. Padri alikuwa anatutuma: "Leta kadre, panguza kadre." Ndani ya ankadrema nikaona kadre, wazi kabisa.

"Serikali inataka kupiga batoto betu picha," nikasema. "Inaweka picha kwa kadre, inatundika kwa ukuta. Kwanza babinti kumi na mbili. Kisha bengine."

"Picha ya bure?"

"Iko na muhuri mbili."

Bamama balifurahi vibaya sana. Hakuna muntu wa Lweba alikuwa na picha ya mutoto wake. Ile zote zilichomeka wakati wa vita. Casimir seremala alikuwa na mbao za muvula tulizomuwekesha kwa kutengeneza viti vya fwaye. Tukamuambia aache viti, atengeneze kadre kumi na mbili.

"Za kipimo gani, koko?"

"Za picha ya muntu."

"Muntu muzima ao kichwa tu?"

"Casimir, we tengeneza."

"Nauliza juu ya binti yangu. Shingo yake ni mrefu, sitaki bamukate."

Basi nikaandika majina. Ya kwanza niliandika mujukuu wangu Pulchérie, binti ya marehemu mutoto wangu, miaka kumi na tano, juu nilimulea mimi na nilitaka picha yake iwe ya kwanza kwa ukuta. Ya pili niliandika Godelieve, binti ya Mama Raphaël. Kisha bengine kumi. Binti ya Casimir hakuingia kwa hesabu, akalia siku nzima, na baba yake akanung'unika kwamba anatengeneza kadre za batoto ba bantu. Chini kabisa nikaweka mukono wangu, na bamama bakaweka vidole kwa wino.

Mwezi wa kumi, kamio ikafika. Batoto hawakulala chini tena, balikimbia kuiona. Akashuka Raphaël, mwana wa Mama Raphaël, aliyekuwa anafanya kazi ya karani kule Baraka. Sasa alikuwa amevaa abakosi ya kijivu, ile koti ya bakubwa ba serikali, firimbi kwa shingo. Nyuma yake banaume batatu na ngoma kubwa.

"Raphaël, mwanangu, karibu," nikasema.

"Sitwayeni Delege," akanijibu, njo kusema mwananchi mujumbe wa Parti, chama ya serikali. "Majina ya bazungu tuliitupa, koko. Unajua."

"Najua. Lakini nilikupanguza makamasi na ile ya zamani."

Batoto bakacheka. Yeye hakucheka. Akaingia ndani ya fwaye, akaona kadre kumi na mbili zimepangwa kwa ukuta, zimepakwa mafuta ya mawese kusudi ziangaze. Akauliza ni kitu gani. Nikamuelezea, na furaha yangu yote. Yeye akageukia bale batatu, akabaelezea tena kwa Lingala, na bote bane bakacheka mupaka mumoja akakaa chini kwa mukeka.

"Koko," akasema alipomaliza, "ankadrema si mbao. Ni kufunga vijana pamoja, kubatembeza kwa njia moja, ya Parti. Kadre ni muntu." Akajigonga kifua. "Kadre ni miye."

Akachukua moja, akaweka ndani picha ya Guide, raisi wetu, aliyokuja nayo, akatundika. Zingine akaambia batoto bapeleke kwa jikoni ya bantu ba kamio, zikuwe kuni.

Tangu ile siku mulango wa fwaye ulikuwa na kufuli, na ufunguo kwa mufuko wake. Saa tisa firimbi inalia, babinti kumi na mbili banapanga mustari, banacheza animasyo, kutikisa kiuno na kusifu Parti mupaka jua inashuka. Batoto badogo balifukuzwa kwa kiwanja. Nyiransabimana alipofika na siagi yake, alikuta kufuli, akalala kwangu chini ya meza. Bibi mumoja wa kule juu ya muto alifika na jicho imevimba, akagonga mulango wa fwaye, na mupiga ngoma akamuambia arudi kwa bwana yake, hapa si hospitali.

Félicité alirudi kutoka Makobola, mutoto kwa mugongo. Hakupita hata kwake. Alikwenda mbele ya Raphaël moja kwa moja.

"Hii nyumba si ya Parti. Tulijenga na nyasi yetu."

"Kila kitu ni ya Parti, sitwayeni. Hata ile ya kwa mugongo wako. Ilizaliwa mwana-Parti, haukuambiwa?"

"Niliizaa na uchungu wangu. Sikukuona pale."

"Kazi yako imekwisha hapa," akasema Raphaël, na akapuliza firimbi.

Nikuambie ukweli: kwa mwanzo Pulchérie alipenda. Balimupa kitenge mupya yenye picha, na ngoma ni ngoma, na miaka kumi na tano ni miaka kumi na tano. Alikuwa anajizoeza nyumbani akipepeta unga. Nikanyamaza. Mimi ni muntu wa kuvumilia; nilivumilia porini, nilivumilia njaa, nikafikiri na hii itapita na sikukuu yake.

Kisha siku moja alirudi mapema, akaketi karibu ya moto, hakuomba chakula.

"Koko, tarehe makumi mbili na ine mwezi wa kumi na moja tunakwenda Uvira. Kwa sikukuu ya Guide kushika utawala."

"Munalala kwa masista?"

"Hapana. Kwa nyumba ya bageni. Delege wa Uvira alikuya leo kutuangalia. Alitusimamisha moja moja, akatuambia tugeuke. Alisema bamama habatakuya. Alisema mi nitalala kwa chumba ya mbele."

Mwaka uliopita, kijiji kimoja cha kandokando ya ziwa kilitoa babinti bane kwa animasyo. Babili balirudi na mimba. Mumoja hakurudi. Kila muntu alijua, na kila muntu alikuwa anasema ni juu ya bale babinti, balikuwa na kichwa kigumu.

Nilikwenda kwa Raphaël asubuhi yake. Alikuwa anakula bugali na ndakala kwa mama yake, na Mama Raphaël alikuwa anamumwagia maji ya mikono.

"Futa jina ya Pulchérie," nikamuambia.

"Haiwezekane, koko."

"Unajua kule kunafanyika nini."

"Najua sikukuu inafanyika." Akatoa karatasi kwa mufuko, akaikunjua. "Huu mukono ni wa nani? Mi sikukufundisha kuandika."

"Niliweka mukono kwa mbao."

"Sheria haijui mbao. Uliandika, ulikubali."

Nikaangalia ile karatasi. Jina ya pili lilikuwa limefutwa na wino ya bleu, na juu yake limeandikwa jina ya binti ya Casimir. Nikaangalia Mama Raphaël. Alikuwa anaangalia ndani ya bakuli. Nikajua kwamba alijua, na kwamba yeye njo alimuomba.

"Mama Raphaël," nikasema, "basi na we unajua kusoma."

Nilitoka pale. Miaka sitini nilikuwa naitwa mwanamuke wa kuvumilia. Kwa njia nikaona kwamba balikuwa banategemea ile, kama vile muntu anategemea punda ya jirani.

Félicité njo alisoma barua tena, yote, kutoka juu mupaka chini. Alirudia mahali pamoja. "Vijana ba fwaye ya Lweba," akasema. "Kila mahali banaandika vile. Hakuna kijiji, hakuna jamaa. Bana ba fwaye." Akaniangalia. "Koko, kama hakuna fwaye?"

Posho, njo Jumamosi, ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya Parti ya kila juma. Usipofanya, unalipa faini ao unafungwa. Kwa kawaida tunafyeka kando ya barabara. Ile posho, alfajiri, Nyiransabimana alitoka kurudi milimani, na nyuma yake babinti kumi na mbili, kila mumoja na kitunga cha mihogo kwa kichwa, sawa bantu ba kwenda kuchuuza. Ni mwendo wa siku mbili. Pulchérie alikuwa wa mwisho. Hakuniaga vizuri. Alikuwa amekasirika juu ya kile kitenge nilimukataza kubeba.

Jua ilipotoka, bamama bote ba Lweba balikuwa kwa fwaye na majembe na mapanga. Mama Raphaël peke yake hakukuya. Casimir alipanda kwa paa, na kila mama akamuonyesha fungu yake. "Ile ya kamba nyekundu." "Ile ya pale kwa pembe, hapana hiyo, hiyo ni ya Mama Fabien." Yeye anafungua, anatupa chini, mwenyewe anabeba kwa kichwa na kurudi kwake. Hatukuimba. Kisha ya paa, miti. Kisha tulichimba kuta na majembe, udongo tukarudisha ndani ya shimo ulikotoka. Picha ya Guide tuliitoa polepole, tukaifunika na kitambaa safi, tukaiweka chini ya kivuli, kusudi basitupate na ile.

Raphaël alifika saa tano na kinga, baiskeli yake. Aliikuta miguu ya miti imesimama peke yake.

"Munafanya nini?"

"Salongo, Sitwayeni Delege," Félicité akamujibu. "Usafi."

"Fwaye iko wapi?"

"Kila muntu alipeleka yake nyumbani."

"Na babinti biko wapi?"

"Babinti gani?"

"Ba fwaye."

"Fwaye gani?"

Bamama bamoja balicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia ile mahali, na nilikuwa naona miaka ine ya mikono yetu imelala chini, na mikono yetu njo iliilaza. Raphaël alitafuta muntu wa kupiga. Hakuweza kunipiga mimi, niliyemubeba, na Félicité alikuwa na mutoto. Akamupiga Casimir kofi mbili, mbele ya batoto bake. Casimir akabaki na nyundo kwa mukono. Nilimuambia, "Weka chini, Casimir." Akaiweka.

Baskari balinibeba na Félicité mupaka Baraka. Tulilala kwa kasho, gereza yabo, siku tisa, na mutoto wake pamoja. Balituuliza babinti biko wapi. Tulisema tulikuwa tunafanya salongo. Siku ya kumi balituchoka, bakaturudisha kwa miguu.

Siku tano mbele ya sikukuu, nilikuwa naloweka mihogo kando ya nyumba, jua katikati ya kichwa, nikaona kivuli. Ni Raphaël. Bila abakosi, bila firimbi. Shati ya zamani. Nyuma yake Mama Raphaël, na nyuma ya mama yake Godelieve, na kifurushi kwa mukono.

"Koko," akasema.

Nikaendelea na mihogo.

"Mukubwa wa Zone, wilaya yetu yote, aliniita. Alisema orodha iko na majina kumi na mbili na kamio haiwezi kwenda bure. Aliniuliza kama kwetu hakuna binti. Kamio inafika kesho."

"Ni sikukuu," nikamuambia. "Banacheza, banakula nyama."

"Koko, tafazali."

"Kule si banatembeza vijana kwa njia moja? Na kadre si ni weye? Kaa naye pale kwa mulango wa chumba ya mbele, umuankadre."

Mama Raphaël akaanza kulia. Sikumuangalia. Nikamuuliza mwana wake: "Jina ya Godelieve ulifuta na wino gani?"

"Ya bleu."

"Mbele yake niliandika Pulchérie. Wino ilikuisha?"

Nilimuacha asimame. Nilitoa mihogo yote kwa maji, moja moja, nikaipanga, na jua ilikuwa inamuchoma kichwa, na nilitaka imuchome. Nilitaka kumuambia arudi kwake, apande kamio na dada yake, bamama bote ba Lweba basimame kwa barabara kubaangalia banapita. Neno lilikuwa limeshafika kwa ulimi. Lakini Godelieve alikuwa amesimama pale na kifurushi chake, miaka kumi na ine, magoti yote mawili yamechubuka, na yeye hakuandika jina ya muntu wala hakufuta.

Nikapanguza mikono. Nikachukua fimbo yangu na kibuyu cha maji.

"Binti nitamupandisha milimani mimi mwenyewe," nikasema. "We, kesho, kamio ikifika, panda. Bapelekee kiuno yako."

"Bataniweka kashoni, koko."

"Kule kunalalika. Mi nimetoka."

Mama Raphaël akanifuata mupaka kwa mwisho wa shamba, ananyoosha mukono anishike. Nikamuambia: "Rudi, loweka mihogo yangu vizuri, isioze." Ni neno peke yake nililomupa, mwaka muzima.

Tukashika njia ya milima, ya kwa Nyiransabimana. Godelieve alikuwa analia juu ya mama yake. Nilimuacha alie mupaka tulipovuka muto. Pale nikamuambia anyamaze sasa, anawe uso, juu mbele yetu kulikuwa kupanda tu, na muntu hawezi kulia na kupanda na pumzi moja.